Osha chumvi kwanza ndo ushike mkebe

Watu wengi hapa Mombasa wakipuliza gari rangi ya mkebe, ikipita miezi kadhaa ikaanza kufura na kutoa vipele, wanalaumu rangi, ati ni feki, ati duka lile lauza maji yaliyotiwa rangi. Feki zipo sikatai. Lakini gari nyingi nilizoziangalia kwa karibu tatizo halikuwa rangi, ilikuwa chumvi, ishalala juu ya bati kabla rangi haijapita, rangi ikaja ikaifunika tu, na chumvi ikifunikwa haifi. Mimi nafanya teksi, gari yangu ni Fielder ya silva, na mteja kabla hajafungua mlango ashaiangalia gari nje na kuamua kama dereva ni mtu wa maana, kwa hivyo mikwaruzo na kutu nayachukulia kama sehemu ya kazi, nayarekebisha mwenyewe, na majirani hapa Mikindani wakaanza kuniletea zao. Haya ninayoandika nimeyaokota humo. Nayaandika manake maelekezo mengi ya kupaka gari kwa mkebe yametoka kwa watu wa nchi za baridi, wao shida yao ni kungoja joto lipande, sisi shida yetu ni nyengine kabisa.

Hii chumvi ya kawaida hewa ikishafika unyevu wa asilimia 75 hivi yaanza kunyonya maji yenyewe mpaka iyeyuke, ndo maana chumvi ya mezani hapa kwetu yaganda kwenye chupa na watu huitia punje za mchele. Na sisi usiku na alfajiri unyevu wapita hapo karibu mwaka mzima. Sasa rangi hata iwe nzuri vipi mvuke wa maji huipenya pole pole, na chini yake pakiwa na chembe ya chumvi basi maji yanavutwa yaende pale pale, yanakusanyika, yanaisukuma rangi juu, na hivyo ndo vile vipele. Kipasue kimoja kikiwa bado kichanga utaona tone la maji ndani na bati chini ishaanza kuwa kahawia.

Na usidhani lazima ukae ufuoni. Ukivuka feri ya Likoni gari imesimama pale wazi upepo wa bahari waipiga ubavuni. Ukiegesha Mama Ngina, pale kando ya bahari, jioni moja ukapitisha kidole kwenye kioo asubuhi yake, ulambe, utaionja. Halafu kuna hili ambalo wanunuzi hawaliwazi, baadhi ya gari tunazoletewa kutoka Japani zimetembea sehemu za theluji kule kaskazini, na barabara za huko hutiwa chumvi ili barafu iyeyuke, kwa hivyo gari yaweza kuwa ishaanza kuliwa chini kabla haijashushwa bandarini Kilindini. Ukinunua gari piga magoti uangalie chini, usiridhike na kung'ara kwa juu.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa rangi upande wa Shimanzi. Nilimfuata na maswali yangu ya rangi, nataka kujua ninunue ipi, yeye hata hakuniuliza gari ni ya rangi gani.

"Utaiosha na maji gani?"

"Ya kisima, ami, pale kwetu kiko uani."

"Yanywika?"

"Hapana, ni ya chumvi."

"Basi hutakuwa umeiosha, mwanangu. Utakuwa umeipaka chumvi kwa sabuni."

Nilikaa pale kibandani kwake mpaka adhuhuri. Visima vingi vya mjini hapa maji yake yana chumvi, kila mtu ajua, twayatumia kuoshea vyombo na kufulia, na kwa vile maji ya bomba ni ya kubahatisha gari nazo zaoshwa na hayo hayo. Kwa kuondoa tope si mbaya. Lakini sehemu unayotaka kuipaka rangi maji ya mwisho lazima yawe matamu, ya bomba, au ya mvua uliyokinga, au ununue mtungi mmoja kwa mwenye mkokoteni, mtungi mmoja watosha sana kwa paneli moja. Na si kuosha peke yake. Ule msasa wa maji, unachovya kwenye ndoo wasugua wachovya wasugua, ndoo ile ikiwa ya kisima unaisugulia chumvi ndani ya praima, ile rangi ya kutangulia chini, kwa mikono yako mwenyewe. Hili sijaliona popote limeandikwa na kwangu mimi ndo somo kubwa kuliko yote, ukisoma hapa ukaacha kusoma umeshapata la maana.

Sasa mkebe wenyewe. Mkebe wa kawaida ni wa mililita 400, na kwa tabaka mbili tatu wafunika kama mita moja mraba, pengine kidogo zaidi. Kwa hivyo kazi yake ni kona ya bampa, gamba la kioo cha pembeni, ukingo wa madigadi, sehemu ya chini ya mlango. Boneti nzima au paa la gari kwa mkebe mimi sishauri, hasa rangi ikiwa metaliki, zile za kumetameta kama silva, upepo wake ni mwembamba na nguvu yapungua kadiri mkebe unavyopoa mkononi, ukimaliza jioni waiona nzuri halafu kesho jua la saa sita linakuonyesha michirizi yote. Paneli kubwa tambarare mpelekee fundi mwenye kompresa, ni kazi yake na vifaa anavyo.

Hii teknolojia yenyewe si ya zamani sana, ni mwaka 1949 kule Illinois, Marekani, Edward Seymour alikuwa anatafuta namna ya kuwaonyesha wateja rangi yake ya alumini, mkewe Bonnie ndo akampa wazo la kuitia kwenye mkebe wa kupuliza. Kwa hivyo rangi ya kwanza ya mkebe ilikuwa silva, rangi ile ile inayotusumbua wengi leo. Yasumbua kwa sababu ndani yake mna vipande vidogo sana vya alumini, na vile vinavyolala ndo rangi itakavyoonekana, ukipuliza karibu na majimaji vinazama na rangi yawa nyeusi nyeusi, ukipuliza mbali na kavu vinasimama juu na rangi yawa nyeupe. Mkebe ule ule, mkono ule ule, rangi mbili. Nyeupe tupu na nyeusi tupu hazina shida hii, mwenye Probox nyeupe ana bahati.

Kutafuta rangi yenyewe usiende dukani na maneno, ati silva ya Toyota, silva ni nyingi mno. Tafuta kile kibati, kwa Toyota kiko kwenye nguzo ya mlango au ukifungua boneti kwenye ule ukuta wa nyuma ya injini, kuna mstari umeandikwa C/TR, herufi na namba za mwanzo ndo rangi. Silva iliyojaa mjini ni 1F7, nyeupe ya kawaida ni 040. Ukiwa na hiyo namba maduka yanayochanganya rangi kwa kompyuta yanakuchanganyia na mengine yanakujazia kwenye mkebe kabisa. Ila namba ni ya gari ilipotoka kiwandani, na yako ishakaa miaka kwenye jua la digrii nne kusini mwa ikweta. Kwa hivyo kabla sijagusa gari napuliza kwanza kipande cha karatasi ngumu, tabaka zote mpaka klia, lile la juu kabisa lisilo na rangi, nakiacha kikauke sawa sawa, manake rangi mbichi na kavu hazifanani, halafu nakiweka juu ya paneli, nakiangalia kivulini nakiangalia juani, na jioni jua likiwa limelala. Na ile rangi ya zamani nayo naipiga kompaundi kidogo, ile dawa ya kusugulia rangi ing'are, pale pembeni nione rangi yake ya kweli iko wapi, mara nyengine tofauti yote ni ngozi iliyokufa kwa jua tu.

Kutu ndo hapa pa kukaa. Ukingo wa madigadi ya nyuma, pale bati linapokunjwa kuelekea ndani, tope na chumvi hukaa kwenye ule mkunjo, na kutu yaanza ndani ikija nje. Ukiona kipele cha ukubwa wa punje ya mtama nje, ndani ni eneo la kiganja. Chukua bisibisi ugonge ugonge na kudonoa, bila huruma, kama bati latoboka afadhali litoboke sasa. Likitoboka hiyo si kazi ya mkebe tena, ni ya kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Nshaona watu wanajaza fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, kwenye tundu, wanaweka na wavu nyuma yake, wapaka, yapendeza, halafu fila hunyonya maji kutoka nyuma na kila msimu wa mvua yaendelea kula bati pembeni yake, mpaka siku fila yote yaanguka barabarani na tundu limekuwa mara mbili.

Kama ni kutu ya juu tu basi msasa namba 80 mpaka uone bati nyeupe inang'ara, na zile nukta nyeusi za ndani kabisa ambazo msasa hauzifikii nazipaka dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosfori, nafuata maelezo yake kisha naifuta vizuri na maji matamu na kukausha papo hapo. Kisha ndo napanda namba, 180, 240, mpaka 400, nikifungua ule mpaka kati ya bati na rangi ya zamani uwe mteremko mpana. Funga macho upitishe vidole, ukihisi ngazi, jicho nalo litaiona rangi ikishang'ara. Fila kama ipo naisugua kavu bila maji, kwa sababu hiyo hiyo ya kunyonya, maji yanaingia kwenye msasa baada ya praima tu.

Na bati tupu hapa Pwani halilali. Yaani sehemu ziliko kavu mtu aweza kusugua leo akapaka kesho, hapa ukiacha usiku mmoja asubuhi utakuta rangi ya chai ishaenea juu yake, haionekani vizuri lakini ipo, na ukipaka juu yake umeifungia ndani. Kwa hivyo ukianza kufikia bati siku hiyo hiyo lazima praima ipite, na praima ya kwanza juu ya bati natumia ya epoksi au ya zinki, si ile ya kijivu ya bei rahisi ya kujaza mikwaruzo, hiyo ina vitundu vitundu, yapitisha maji, ni nzuri kama tabaka la pili. Nshaona gari za watu zatembea na madoa ya kijivu wiki nzima zikingoja pesa ya rangi, madhali praima ile peke yake si ngao, ni afadhali kazi ingoje pesa ikamilike.

Bampa ni plastiki, haina kutu, lakini rangi haiishiki mpaka uipitishie praima yake ya plastiki, bila hiyo siku ya kwanza ukiosha gari kwa presha rangi yatoka vipande.

Mafuta nayo. Kuna vile vishimo vya mviringo vinatokea rangi ikikimbia pale pale unapopuliza, mafundi wanaviita macho ya samaki, vile ni mafuta au silikoni, na silikoni nyingi yatoka kwenye ile dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi, mtu apuliza uani matone yaruka mita kadhaa. Mimi siku ya kazi dawa hiyo haifunguliwi kabisa. Mikono pia, huku kwetu mafuta ya nazi yako kwenye nywele na ngozi za watu, ukishapangusa paneli na dawa ya kuondoa mafuta usiiguse na kiganja na usimwache mtu aje kupapasa ati ione ilivyo laini. Na kama uani jirani anakaanga mahamri, ngoja amalize, mafuta yanayopanda na ule mvuke yashuka mahali.

Saa ya kupuliza ndo nusu ya kazi. Umande wa alfajiri waweza usiuone lakini bati la gari lililolala nje huwa baridi kuliko hewa, kwa hivyo saa moja asubuhi hata kama juu ni kukavu bati lina maji. Naanza kuanzia saa tatu na nusu hivi, saa nne, bati likishashika joto na kabla halijawa la kuchoma. Kama huwezi kuweka kiganja juu ya bati ukakiacha, rangi itakauka kabla haijatandaa na utapata ngozi ya ukakasi. Kwa hivyo kivulini, lakini si chini ya mti, manake miti hudondosha. Jioni sipulizi. Jioni ndo watu wengi wako huru wametoka kazini, jua limepoa pazuri, wapuliza klia saa kumi na mbili, na kiza kikiingia yageuka nyeupe nyeupe kama maji ya mchele. Kinachotokea ni kwamba ile thina ikiruka inabeba joto, uso wa rangi wapoa ghafla, na hewa ya jioni iliyojaa unyevu yatona maji pale pale ndani ya rangi mbichi. Ikitokea usikimbilie kusugua, ngoja siku kavu yenye jua, puliza tabaka jembamba la klia ile ile kati ya asubuhi na mchana, mara nyengine maji yapata njia ya kutoka na weupe waondoka wenyewe, usipoondoka ndo uchukue msasa.

Misimu nayo nimeiweka kichwani. Masika ile ya Aprili na Mei sigusi kazi ya rangi, nafanya za ndani ya gari. Kusi ikivuma sana Juni, Julai, kuna baridi kidogo nzuri lakini upepo wabeba chumvi na mchanga, na upepo pia wakupokonya rangi kabla haijafika kwenye paneli, itakubidi uzungushe mashuka. Kaskazi, Januari na Februari, joto ni kali lakini mchana kuna ukavu, hapo ndo msimu wangu. Namwagia maji ardhini kabla sijaanza vumbi lilale, hapa ya kisima yafaa.

Kufunika natumia karatasi za kaki, si magazeti, wino wa gazeti thina ikiugusa waweza kuhamia kwenye gari. Tepu ya ukingo usiikandamize katikati ya paneli, utapata mstari mkali hautoki, ikunje mdomo wake ugeuke juu rangi ififie yenyewe chini yake, au bora zaidi malizia kwenye mstari wa asili wa bodi, pale kuna mkunjo au mpira au ukingo wa taa, jicho lasamehe hapo.

Kutikisa mkebe watu hawana subira. Ile gololi ikianza kugonga ndo uanze kuhesabu dakika mbili, si kabla. Metaliki ikikaa alumini yote yashuka chini, usipotikisa wapuliza thina mwanzo na uji mwisho. Halafu umbali, sentimita 20 mpaka 25, mkono uende sambamba na paneli usiupinde kwa kiwiko, anza kubonyeza kabla hujafika kwenye bati na uachie ukishavuka, kila mstari ufunike nusu ya ule wa kabla. Tabaka la kwanza liwe la ukungu tu, waona chini bado, liache dakika kumi, la pili, la tatu. Machozi yanayoteremka yote yatokana na mtu kutaka kumaliza kwa tabaka moja. Kwa silva la mwisho kabisa narudi nyuma mpaka sentimita 30 hivi na kupitisha jepesi, mkono wa haraka, likalinganisha vile vipande vya alumini vilale aina moja, na napitiliza kidogo juu ya rangi ya zamani ili mpaka usijulikane.

Klia ndo mahali nataka watu wanisikize. Kuna mikebe ya klia ya kawaida, yakauka kwa thina kuruka tu, rahisi, lakini petroli ikidondoka juu yake yaweza kuilainisha, kwa hivyo karibu na kifuniko cha tangi haifai. Halafu kuna ile ya mbili kwa moja, ina hadna ndani, yaani dawa ya kuigandisha, wabonyeza kitufe chini ya mkebe vichanganyike, yakauka ngumu kwa kemia yake yenyewe, petroli haiifanyi kitu, jua halili upesi. Uzuri wake si wa uongo. Lakini ile hadna ina kemikali iitwayo isosayaneti, na ikiingia mapafuni yaweza kumpa mtu pumu, na akishapata mzio wake hata kidogo tu baadae chambana kifua. Na huwezi kutegemea pua ikuonye mapema.

Kijana mmoja jirani alikuja nayo mkononi, amefurahi, ataka nimpulizie mlango wake.

"Kaka, si tunafunga tu leso puani halafu tuko nje, upepo upo?"

"Leso yazuia vumbi. Hii ni mvuke na matone madogo sana, yapita."

"Na ile maski ya karatasi ya hospitali?"

"Pia yapita. Mpelekee fundi mwenye maski ya kuletewa hewa kwa paipu, mwambie umalizie klia tu, mengine yote nimeshayafanya, atakufanyia bei nzuri."

Akaenda, akafanyiwa, na ule mlango ni mzuri mpaka leo kuliko sehemu ninazofanya mimi kwa klia ya kawaida, nasema ukweli. Mimi mwenyewe nafanya hivyo kwa eneo linalopigwa jua sana. Na hata rangi ya kawaida nisivae kitu sipulizi, navaa maski ya vichujio vya mkaa na miwani, watoto wako ndani, hakuna sigara wala jiko la makaa karibu manake gesi ya mkebe yashika moto.

Ikishakauka usiitese. Nawacha angalau wiki moja kabla ya msasa namba 2000 wa maji na kompaundi, nakata ule ukakasi wa ngozi ya chungwa pole pole kwa mkono, na kingo nazikwepa kwa sababu klia hapo ni nyembamba mno, hata ile ya kiwandani yenyewe ni kama mikroni 40 mpaka 50, nyembamba kuliko unywele, sembuse ya mkebe. Nta siipaki mpaka mwezi upite, thina iliyobaki ndani iwe na njia ya kutoka.

Kuegesha nako kuna hesabu yake. Chini ya mwembe una kivuli lakini msimu wa maembe utomvu wadondoka na wachoma klia, ukikauka hautoki bila kupoteza ngozi. Kunguru nao, hawa wa Mombasa hawana haya, kinyesi chao kwenye bati la moto chaweza kuacha alama ya kudumu kwa siku moja tu, kwa hivyo kwenye buti naweka chupa ya maji matamu na kitambaa laini, nikikuta nalowesha kwanza, naacha kilainike, naondoa bila kusugua. Kati ya jua la moja kwa moja na mti wenye kunguru mimi nachagua ukuta wa nyumba, upande wa kivuli cha mchana. Na kila wiki chini ya madigadi napiga maji matamu ndani ya ule mkunjo, dakika chache tu, hasa wiki niliyovuka feri mara nyingi.

Mkebe uliobaki usiutupe. Ugeuze kichwa chini ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, nozo isizibe, uandike namba ya rangi na mwezi kwa kalamu ya wino mzito, uuhifadhi ndani ya nyumba mahali pa baridi, si ndani ya gari, gari iliyofungwa juani hapa yapata moto wa kutisha na mikebe hii haitakiwi kupita digrii 50. Jiwe la lori la kontena likikurukia pale Changamwe ukapata kidoa cha bati tupu, puliza kidogo kwenye kifuniko, chovya ncha ya kijiti cha meno, ujaze kidoa siku hiyo hiyo baada ya kukiosha, na hapo maji nishasema ni yapi.